Napiga Picha Ndege, Afande

Mwenzenu nimeshikwa. Sikupelekwa kituoni, msianze kunichangia. Nilikalishwa tu kwenye tofali chini ya mwarobaini, dakika kama 40, jua la saa nne linanitafuta kupitia matundu ya majani, na kamera yangu iko mikononi mwa mlinzi. Kaishika kwa ukanda, mbali na mwili, kama mtu aliyeokota samaki asiyejua kafa lini. Na kosa langu? Sarufi. Mtu mzima na mvi zangu, nimewekwa chini ya ulinzi kwa kosa la sarufi.

Ilikuwa hivi. Kuna uzio mmoja, sitautaja, uko karibu na mahali midege mikubwa inaposhukia. Nje ya uzio kuna nyasi. Kwenye nyasi kuna ng'ombe wa mtu. Kwenye ng'ombe kuna yangeyange, weupe kama kanzu za Idi, wanamfuata nyuma wakidaka panzi anaowafurumusha kwa kwato. Nikaona hapa leo nimepata. Nikapiga goti moja, nikapiga la pili, mwisho nikalala kifudifudi kabisa, kama nilivyoona wenye fani wanavyofanya. Mara naona buti mbele ya lenzi. Nikajua huyu si yangeyange.

"Unafanya nini hapo?"

"Napiga picha ndege, afande."

"Ndege zipi?"

Hapo ndipo palipotaka akili. Mwalimu wangu wa darasa la nne alijitahidi sana na sisi. Ndege mwenye roho ameruka, ndege ya abiria imeruka. Ndege wale, ndege zile. Mimi siku hiyo nilikuwa nasinzia. Ningesema tu "si zipi afande, ni wepi," ningekuwa mtu huru. Badala yake nikajibu kwa unyenyekevu wote: "Hizi hizi zinazotua hapa."

Nilimaanisha yangeyange. Walikuwa wanatua kweli, mgongoni mwa ng'ombe. Lakini sekunde hiyohiyo, nyuma yangu, likapita dege la watu na mngurumo wake, matairi nje, limeshuka mpaka ng'ombe akainamisha kichwa. Mlinzi akalitazama dege. Akanitazama mimi. Akaitazama lenzi yangu jinsi ilivyo ndefu. Akanionyesha tofali.

Wakaja wawili wengine. "Fungua tuone." Nikafungua. Picha 61. Wakaanza kupekua, vichwa vimegusana juu ya kioo kama watu wanaotazama mpira kwenye simu moja. Kimya. Halafu mkubwa wao akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya kusemea na mgonjwa: "Mzee, mbona ni makalio ya ng'ombe tu?" Nikaeleza kwamba kila nikibonyeza, ndege anakuwa ameshaondoka, anabaki ng'ombe. Wakaangaliana. Wakanirudishia kamera. Mmoja akaniuliza kama nimekula. Jamani, bora wangenipiga kofi.

Mtauliza mtu mwenye familia kaingiaje kwenye mambo haya. Presha. Daktari kasema nitembee. Nikatembea siku mbili, nikaona kutembea bila unakokwenda ni uzururaji, tofauti ni jina tu. Sasa kazini kuna kijana ana picha ya mdiria kwenye simu yake. Mdiria katoka majini, samaki yuko mdomoni, na matone yanaonekana moja moja, unaweza kuyahesabu. Nikamwuliza kapigia nchi gani. Akasema hapa hapa Dar, Jumamosi, anatembea tu na kamera. Nikasema basi, na presha yangu itashukia hukohuko.

Nikaenda Kariakoo kutafuta kamera ya mtumba. Nilikwenda kutafuta cha kupigia, nikapigwa mimi. Laki sita. Muuzaji kaniapia kwamba ilikuwa ya mzungu mmoja, katumia kwenye harusi moja tu, ndoa ikavunjika, hakutaka tena kuiona. Nikaona bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Nimefika nyumbani, nimemvizia hua juu ya waya, nimebonyeza, naangalia: waya upo, anga lipo, na kuna nukta. Nikafuta kioo kwa kanga ya mama watoto. Nukta ipo. Kumbe nukta ndiyo hua.

Kijana wa kazini alicheka mpaka akatafuta kiti. Lenzi iliyokuja na kamera ni ya 18 mpaka 55, ya kupigia watu waliokaa kwenye makochi. Ndege anataka 300, anataka 400, wenye uwezo wanakwenda 600. Nikadhani anataja shilingi elfu. Kumbe milimita. Shilingi zake ni msiba mwingine. Kulikuwa na laki nne na nusu imetengwa kwa ajili ya mabati ya banda la kuku. Kuku bado wananyeshewa.

Na hii kamera ina raba pale unapobandika jicho. Raba nyeusi, imekunjika pembe, kazi yake kuzuia uso usigongane na chuma. Haitulii. Ukiinama inachomoka, ukipiga chafya inachomoka. Nimeitafuta chini ya viti vya daladala, nimeitafuta ndani ya viatu, siku moja nimeikuta mdomoni mwa mtoto wa jirani anaitafuna kama ubani. Ikikosekana, kuna kona ya chuma inakufinya hapa, chini kidogo ya nyusi, mpaka unatoa machozi na ndege umemkosa.

Halafu kuna kuvu. Hili Kariakoo hawakunitajia. Hewa ya Dar ina unyevu, lenzi ikikaa kabatini inaota kuvu ndani kwa ndani, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na kumlipa fundi aitoe ni karibu na kununua nyingine. Wenye nazo wana makabati ya umeme ya kukausha hewa. Mimi nikaambiwa nitafute ndoo yenye mfuniko, nitie mchele, niweke kamera humo, mchele utanyonya unyevu. Nikanunua kilo tano za mchele wa Kyela, maana nilitaka kamera ikae pazuri. Mama watoto akafunua ndoo, akatazama, akafunika.

"Baba watoto, sisi tunakula ugali, kamera inalalia Kyela?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo ule ndio mchele wa kamera, na kila nikirudi matembezini naupima kwa jicho, naona kina kimeshuka, siulizi.

Haya, lenzi ndefu ipo. Sasa tatizo majani. Kamera ina akili yake ya kuchagua ikazie macho wapi, na hii yangu inapenda majani. Shore kakaa wazi, kanigeuzia kifua, anaimba, mimi nabonyeza nusu, inalia pii, imeshika jani. Nina picha za majani ya mwembe ambazo mabwana shamba wangezililia. Mishipa yote inaonekana. Nyuma ya jani kuna ukungu wa rangi ya udongo, huyo ndiye shore. Na ndege akiruka ndiyo balaa, anataka sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, mimi miezi mitatu nilikuwa kwenye sehemu moja ya 60 bila kujua kwamba kuna kitufe. Mbayuwayu wangu wote wametoka kama mistari ya mtu anayejaribu kalamu.

Na kumpiga ni nusu tu ya mateso. Nusu ya pili ni kumjua uliyempiga. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Mimi nimezaliwa nao, nimekua nao, nimewarushia mawe, na nilikuwa najua wanne: kuku, bata, kunguru na mwewe. Mwewe ni yeyote anayeiba vifaranga. Kijana akaniwekea programu ya bure kwenye simu, ikala bando lote la wiki kujipakua, halafu ikaanza kunihoji. Ndege wako alikuwa na ukubwa gani? Wa shomoro? Wa robini? Wa kunguru? Wa bata bukini? Mimi robini sijawahi kumwona hata kwenye kalenda. Nikamwuliza mama wa genge pale kwetu kama anamfahamu robini. Akasema jaribu Buguruni sokoni.

Nikaazima kitabu, kile cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki. Ndege zaidi ya 1,300 humo, wamechorwa wote, wamesimama wima wametulia kama wanafunzi wa bweni siku ya ukaguzi. Mimi sijawahi kukutana na ndege aliyesimama hivyo. Nikafungua kurasa za vindege vya kahawia. Bora nisingefungua.

Wanaitwa sistikola. Ni aina kama 50 hivi, karibu zote za Afrika, na zote zina rangi ya vumbi la mtaani kwetu. Mgongo una michirizi, kifua kimepauka, basi. Ukimtazama huyu na yule unahisi ni yuleyule kaenda kunywa maji karudi. Aliyekaa akawapanga ni Mwingereza, Hubert Lynes, na si mtu wa mchezo, alikuwa admirali wa jeshi la majini, kaipiga Vita Kuu ya Kwanza kwa meli. Vita vikaisha, watu wakaenda kupumzika, yeye akaja kuhangaika na vindege vya kahawia porini, na kazi yake ikatoka mwaka 1930. Admirali huyo! Mtu wa manowari! Mimi mstaafu mtarajiwa wa masijala nitawaweza?

Na mpaka leo wenye kujua wanawatenganisha kwa kelele zao. Majina yao ya Kiingereza ukiyaleta kwetu utadhani unasoma orodha ya wapangaji wa nyumba moja ya uswahilini. Yupo Mpayukaji. Yupo Mpiga Miluzi. Yupo Mwombolezaji. Yupo anayekwaruza kama chura. Na yupo mmoja, haki ya Mungu, anaitwa Mvivu. Nilifanya kosa la kulisoma hilo kwa sauti. Binti yangu wa darasa la tano akauliza kama na huyo huwa analala kifudifudi nje ya uzio wa watu.

Nikasema nitakuwa mtu wa daftari. Siku tatu mfululizo nikaandika alama za kila ndege niliyemwona. Hua: doa jeusi kifuani. Shore: doa jeusi kifuani. Ndege mkubwa juu ya mnazi: doa jeusi kifuani. Nikakosa usingizi. Nikaona hapa nimegundua jambo, labda ugonjwa, labda serikali iarifiwe. Nikampelekea kijana daftari. Akachukua kamera, akachungulia, akaigeuza, akaigonga mara mbili kiganjani. Ikadondoka chenga ya mchele. Kyela.

Sasa siku hizi nikishindwa nampelekea picha mama wa genge. Hata kisu haweki chini. Anamenya kitunguu, anatupia jicho mara moja. "Huyo shore, baba." Nyingine. "Huyo chozi, ananyonya maua ya mkomamanga hapo nyuma." Nyingine. "Kuzumburu huyo. Kanimalizia mapapai, Mungu anamwona." Nakwenda nyumbani, nafungua kitabu, natafuta saa nzima, nakuta ni kweli. Kajifunzia wapi? Kwenye mapapai. Mimi nimetumia zaidi ya milioni moja na sijui alichofundishwa na papai.

Ndege pekee ninayempiga vizuri ni kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu, tunayemwona kila dampo. Si wa kwetu hata. Katoka India, kaletwa Zanzibar miaka ya 1890 asaidie kula takataka za mji, akaona kazi ndogo, akavuka. Sasa anakula mayai na makinda ya ndege wengine, ndiyo maana ninaowataka hawaonekani. Kawekewa mitego, kawekewa sumu, kapungua, karudi. Lakini tuseme ukweli, kunguru anajua kupigwa picha. Anakupa ubavu, anakupa uso, anasubiri urekebishe. Nina picha karibu 900 za kunguru. Juzi mmoja aliondoka na soseji yangu, na hilo nalo nimelinasa, sehemu moja ya 2,000 ya sekunde kama nilivyofundishwa, soseji inang'aa mpaka mafuta yake. Ndiyo picha yangu bora. Siwezi kuionyesha popote.

La bundi sitaki kulizungumza. Basi, nizungumze kidogo.

Saa tatu usiku nasikia mkwaruzo juu ya paa la jirani. Natoka, namwona: bundi mweupe, uso kama moyo, katulia juu ya kofia ya bati. Mwezi upo. Nikasema huyu ni wangu. Nikapanda juu ya pipa la maji lililopo ukutani. Nikajifunika shuka jeusi kichwani ili mwanga wa kioo cha kamera usimshtue. Nikanyoosha lenzi. Nilichosahau ni kwamba ndani ya nyumba ile kuna mgonjwa, mama mkwe wa jirani, kalala wiki ya pili. Mlango ukafunguliwa. Mama wa nyumba akatoka na beseni. Akatazama juu: bundi. Akatazama ukutani: mtu, shuka jeusi, juu ya pipa, kanyoosha kitu kirefu kuelekea dirisha la mgonjwa.

Sijawahi kusikia mwanamke akipiga yowe namna ile, na nimeoa. Mtaa mzima ulitoka. Mwenyekiti wa mtaa akaja na tochi na kaptula. Nikajitetea kwa elimu. Nikasema, mheshimiwa, bundi hana ubaya, huyu ni mla panya, anasikia panya akitembea gizani kabisa na anamkamata kwa masikio tu bila kumwona. Watu wakanyamaza. Mwenyekiti akanimulika usoni. "Kwa hiyo," akasema, "unamfahamu vizuri."

Mgonjwa alipata nafuu siku ya tatu. Ningeshangilia, lakini habari iliyozunguka mtaani ni kwamba baada ya kufumaniwa nimemwachia. Na picha? Antena. Kali sana, antena ya king'amuzi, nyuma yake kuna kitu cheupe kinaweza kuwa bundi, kinaweza kuwa mwezi.

Nilitaka kuacha. Kilichonirudisha ni kisa cha Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti wa Kidenmaki walikuwa kambini kwenye misitu ya Udzungwa, wana vyeti, wana darubini, wana kila kitu. Jioni wamekaa wanasubiri chakula. Mmoja akachungulia sufuria, akaona miguu miwili ya ndege asiyemfahamu. Wakafuatilia miguu ile mpaka kwa mwenyewe huko msituni, wakakuta ni aina ya kware ambaye sayansi haijawahi kumwandika popote, mpaka ikabidi apewe jenasi yake mpya. Mwaka 1994 akatangazwa rasmi. Yaani mtu kaingia kwenye vitabu vya dunia akitokea kwenye mchuzi! Mpishi, kwa vyovyote, hakushangaa. Aliyekuwa anashangaa ni yule mwenye darubini.

Nikajisemea, kumbe si lazima kulala kifudifudi. Tangu hapo sufuria ya nyumbani kwangu haipakuliwi kabla sijaikagua. Nafunua, nazungusha mwiko, natafuta miguu. Mwaka mzima. Miguu ya kuku nimeijua kuliko nyayo zangu. Mama watoto alilalamika mwanzoni, siku hizi ananiachia tu, anasema bora niko jikoni kuliko juu ya pipa.

Sasa Jumapili iliyopita nikaamua kwenda Kunduchi, kwenye mashamba ya chumvi. Kijana wa kazini alisema kuanzia Septemba mpaka Aprili kunakuwa na vitwitwi wa kutoka mbali, kuna kimoja kina gramu 60 tu na kimetoka Siberia. Nikaondoka alfajiri. Raba ya jicho sikuiona, nikaitafuta nikachoka, nikaondoka bila. Daladala tatu. Nimefika naona mabwawa, naona chumvi, naona anga. Ndege hakuna hata wa dawa. Kulikuwa na kijana anakokota chumvi kwa reki, nikamwuliza.

"Wako kazini, mzee. Maji yametoka, wamekwenda matopeni kula. Maji yakijaa watarudi huku kupumzika."

"Yanajaa saa ngapi?"

"Saa nane."

Ilikuwa saa tatu. Kijana wa gramu 60 kasafiri kutoka Siberia anajua ratiba ya maji ya Kunduchi, mimi wa kilo 94 kutoka Tabata sijui. Nikakaa. Kivuli hakuna, kuna chumvi tu inakurudishia jua kutoka chini. Yangeyange mmoja akajitokeza, kasimama ukingoni, mweupe, katulia. Nikasema angalau huyu namdai toka siku ya mlinzi. Nikaanza kumpiga. Kona ya chuma ikanifinya, nyusi ikavimba, nikaendelea. Kadi ikajaa. Nikakaa chini nikaanza kufuta, moja moja, kwa umakini. Hii kafumba jicho, futa. Hii kuna midege mingine imejipanga nyuma inaharibu, futa. Hii pia, midege, futa. Nikafuta 46. Nikabakiza moja, safi, yangeyange peke yake, manyoya yanahesabika.

Hapo ndipo akaja mzee mmoja na darubini shingoni na kofia ya zamani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema alikuwa mwongoza watalii, sasa kastaafu, anahesabu ndege tu na kutuma hesabu zake kwa wanaoandaa atlasi ya ndege wa Tanzania. Nikamwonyesha picha yangu. Nilisubiri asifie. Akaikuza kwenye kioo kwa kidole, akampita yangeyange wangu kama hayupo, akaenda pembeni kabisa ya picha, pale ukingoni. Kulikuwa na nusu ya ndege. Nusu ya nyuma. Mkia, mgongo una weusi na weupe, na miguu mirefu ya kijivu.

"Huyu," akasema, "ulimwona?"

Nikasema ndiyo, walikuwa wengi, wananisumbua nyuma.

Mzee akavua kofia. Akaniambia huyu anaitwa *Dromas ardeola*, kazi yake kula kaa, ana mdomo mweusi mnene kama koleo. Anazaliana huko Oman na pwani za Ghuba na Somalia, na hajengi kiota kama ndege wengine wa pwani, anachimba shimo mchangani, anataga yai moja jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Nikamwona jinsi anavyosimulia, macho yamelowa. Alikuja hapo wikiendi tatu kumtafuta.

"Picha nyingine ziko wapi, mdogo wangu?"

"Nimefuta, mzee."

"Zote?"

"Zilikuwa na takataka nyuma."

Hakusema kitu. Alikaa kwenye tuta la chumvi akatazama maji muda mrefu. Mimi na makalio, jamani. Ng'ombe, sasa huyu wa Oman. Mdomo mnene kama koleo, mimi nimebaki na mkia.

Nikarudi nyumbani saa moja usiku, nyusi imefura, nimebabuka, sitaki kuulizwa. Harufu ikanipokea mlangoni. Pilau ya kuku. Ndoo ya kamera ipo sebuleni, mfuniko uko pembeni, ndani safi mpaka chini. Sikuuliza. Nikaenda jikoni, nikafunua sufuria kama kawaida, nikazungusha mwiko. Mvuke ukatoka. Na pale kati, ubavuni mwa paja la kuku, kikajitokeza kitu. Cheusi. Kimekunjika. Kina pembe kama ya ukucha. Nikahisi damu inapanda mpaka kwenye masikio, presha na kila kitu chake. Miguu ya kuku naijua, na huo haukuwa wa kuku.

"Mtu asile!" nikapiga kelele. "Mtu asiguse sufuria!"

Mama watoto akashika kifua. Nikakimbilia mkoba, nikachomoa kamera, mikono inatetemeka, nikapiga goti mbele ya jiko. Sehemu moja ya 2,000 haitawezekana humu, giza. Weka 125. Usipumue. Nikabandika jicho, chuma kikanifinya palepale penye uvimbe, machozi yakanitoka, sioni sufuria wala mwiko.

Binti yangu ndiye aliyekitoa kwa kijiko. Akakigeuza, akakipuliza mara mbili, akaja akakibandika kwenye kamera, nikiwa bado nimeegemeza uso. Kikaingia barabara. Kilikuwa bado cha moto.